Baba Aliniuliza: "Mbona Hukucheza?"

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 23, mzaliwa wa Dar es Salaam, na kwa sasa ninamalizia mwaka wa nne wa shahada ya uhasibu katika chuo kimoja kidogo cha jimbo la Missouri, Marekani. Nilikuja huku kwa ufadhili wa mpira wa kikapu, baada ya kocha wa chuo hiki, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, kuona video za michezo yangu ya UMISSETA na za viwanja vya Don Bosco pale Upanga, ambako nilikuwa nikifanya mazoezi tangu kidato cha pili. Timu yetu ni ya Daraja la Pili la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, kwa hiyo huwezi kuiona kwenye televisheni. Chuo kilinilipia ada, bweni na chakula. Tiketi ya ndege, viza na nguo za baridi zilikuwa juu yetu, na baba, ambaye alikuwa dereva hadi alipostaafu, alikopa kwenye SACCOS ya kazini kwake na kuuza pikipiki ili nisafiri. Deni hilo amelilipa peke yake hadi shilingi ya mwisho, na hajawahi kunitajia.

Ninayasema haya mapema ili usije ukadhani kwamba baba yangu ni mtu wa tamaa. Yeye ni mmoja wa watu wengi wa mjini kwetu ambao mwaka 2009 walifuatilia habari za Hasheem Thabeet, kijana aliyesoma Makongo, akacheza misimu mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, kisha akachaguliwa wa pili katika orodha nzima ya wachezaji wapya wa NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Nilikuwa mtoto mdogo. Baba alinionyesha picha yake gazetini akaniambia, "Huyu naye alianzia hapahapa." Siku nilipopata barua ya chuo, alizungumza barazani kana kwamba na mimi nimeshachaguliwa.

Mwaka wa kwanza nilicheza dakika chache, na mwaka wa pili nikawa ninaanza karibu kila mchezo. Mwanzoni mwa msimu wa tatu, mwezi wa Novemba, nilitua vibaya baada ya kuruka kuchukua rebaundi, na kano ya ndani ya goti la kushoto ikakatika. Nilifanyiwa upasuaji nikakaa nje msimu mzima. Dada yangu anajua. Baba nilimwambia kwamba nimeteguka kidogo, kwa sababu wiki ileile alikuwa amelazwa kwa shinikizo la damu na sikutaka kumwongezea mzigo. Baadaye siku zikapita, na kadiri zilivyopita ndivyo nilivyozidi kukosa pa kuanzia.

Msimu huu wa mwisho nimerudi, lakini goti si lile. Muda mwingi nimekaa benchi na daftari, kazi niliyoizoea nilipokuwa majeruhi, nikiandika ni mchezaji gani wa upande wa pili anapenda kwenda kulia na ni nani huchoka robo ya tatu. Ndipo nikaanza kumwangalia binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mtoto wa wakulima wa mahindi na soya, mrefu, mwenye nguvu, ambaye mazoezini hufunga kama anayeokota embe chini ya mwembe, lakini akisimama kwenye mstari wa mtupo huru mbele ya watu mwili wote hukakamaa. Wengine walikuwa wakimrekebisha kiwiko. Nilimtazama kwa wiki nzima nikagundua kwamba kiwiko hakikuwa na kosa. Alikuwa akibana pumzi tangu mwamuzi anapompa mpira, na visigino vyake vilibaki chini hadi mpira unapomtoka mkononi, ndiyo maana ulikuwa ukigonga ukingo wa mbele wa pete na kurudi. Nikamwambia adunde mara tatu huku akihesabu kwa sauti, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Akaniuliza ahesabu kwa lugha gani, nadhani kwa utani. Nikamwambia Kiswahili. Tangu siku hiyo husimama pale na kusema "moja, mbili, tatu," kisha huinuka kwenye vidole na kutupa. Mwezi wa Januari, ugenini, tukiwa nyuma kwa pointi moja na sekunde nne zimebaki, alipewa mitupo miwili. Benchi zima tulihesabu naye kimoyomoyo. Ilipoingia ya pili sikumbuki kama niliruka au nililia, ila goti liliniuma siku mbili.

Februari ulifika usiku wa kuwaaga wahitimu. Ni desturi ya vyuo vya huku kwamba kabla ya mchezo wa mwisho wa nyumbani kila mchezaji wa mwaka wa nne hutangazwa jina, akatembea hadi katikati ya uwanja akiwa na wazazi wake, mama akapewa maua, wakapigwa picha. Wenzangu watatu walitembea na wazazi wao. Mimi nilitembea na kocha, na maua aliyapokea mama yake yule binti wa mwaka wa kwanza, aliyeshuka jukwaani bila kuombwa. Kocha aliniingiza dakika mbili za mwisho, tukiwa tunaongoza kwa mbali. Nilimtumia baba video kwa WhatsApp. Kesho yake alijibu kwa maneno mawili: "Mbona hukucheza?"

Wiki iliyopita kocha ameniita ofisini akanitaka nibaki miaka miwili nikiwa msaidizi wake, huku chuo kikinilipia shahada ya uzamili na kunipa posho ndogo ya kila mwezi. Wakati huohuo mjomba amenitafutia nafasi katika ofisi moja ya wahasibu hapo Dar es Salaam, nao wananisubiri hadi Julai. Nilipomdokezea baba habari ya ukocha, alisema hakuuza pikipiki ili mwanawe akawapulizie watoto wa watu kipenga. Usiku huo sikulala, wala si kwa hasira. Niliogopa kwamba huenda amesema kweli. Miaka minne, Mwalimu, na sina medali, sina fedha, na goti ni bovu. Nilichokuwa nikikifanya huku kilikuwa na maana gani? Na je, nikibaki, nitakuwa ninabaki kwa kuwa ninaupenda ukocha, au kwa kuwa ninaogopa kutoka uwanjani?

Binti wa Ilala, Missouri


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, kwa tabia ya ualimu ambayo kustaafu hakukuiondoa. Dakika zako mbili za mwisho katika mchezo ulioutumikia miaka minne umeziandikia sentensi moja. Yule mtoto wa wakulima, pumzi yake, visigino vyake na kuhesabu kwake, umemwandikia karibu aya nzima. Kwa hiyo swali lako la mwisho umelijibu nusu kabla hujaliuliza, nami nitalirudia. Lakini kuna jambo umelipita harakaharaka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa, na hilo ndilo nitakaloanza nalo.

Baba yako hajui kwamba ulipasuliwa goti.

Lisome tena jibu lake ukiwa na hilo akilini. Mtu ameambiwa kwamba binti yake aliteguka kidogo, zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na kwamba amepona. Anafungua simu asubuhi, anatafuta nambari ya jezi ya mwanawe kwenye kioo kidogo, anawaona wenzake wakikimbia na yeye ameketi. Angeuliza nini kingine? Wewe ulisikia dharau. Mimi ninasikia swali la kweli la mtu aliyenyimwa maelezo, ambaye kwa kukosa maelezo amejitungia jibu lake, kwamba mtoto alifika Marekani akalegea. Hata hilo la kipenga limetoka humohumo. Kwake yeye ukocha ni kiti wanachopewa walioshindwa kucheza, na hana habari kwamba aliyekutoa mchezoni ni kano, si uvivu.

Kwa hiyo kabla hujamjibu kocha, na kabla hujamjibu mjomba, mwambie baba. Usimwandikie, mpigie, tena usimpigie akiwa peke yake. Kwa kuwa ana shinikizo la damu, na kwa kuwa kufichwa kutamuuma kuliko goti lenyewe, mtangulize mtu wa rika lake, baba mkubwa au shangazi anayemheshimu, akae naye pale nyumbani, amwandae kidogo, ndipo simu ilie. Dada yako naye awepo, asije akaachiwa lawama za siri aliyoitunza kwa ajili yako. Anza kwa kumwomba radhi. Usianze kwa kueleza kwa nini ulimficha, hata kama sababu ilikuwa njema, maana sababu ikitangulia radhi huonekana kama wakili aliyefika kabla ya mshtakiwa.

Baada ya hapo unaweza kuzungumza naye habari ya maana, na humo nadhani wewe mwenyewe umejipima kwa ratili ya baba bila kuikagua. Medali na fedha. Thabeet alifika, ndiyo, na ni haki yetu kujivunia. Lakini NCAA yenyewe husema kwamba katika wanamichezo wake mia moja hawafiki wawili wanaoendelea hadi michezo ya kulipwa, na kwa wanawake mlango ni mwembamba zaidi: hadi mwaka 2024 WNBA, ligi yao ya kulipwa, ilikuwa na timu 12, kila moja ikiwa na wachezaji wasiozidi 12, yaani nafasi 144 kwa dunia nzima, ilhali Daraja la Kwanza la vyuo peke yake lina timu za wanawake zaidi ya 300. Hesabu hiyo mpe baba. Ni dereva; anajua kwamba basi moja halipakii stendi nzima, na kwamba aliyebaki stendi si lazima awe alichelewa. Na kama amesikia kwamba siku hizi wanafunzi wa Marekani hulipwa kwa kucheza, ni kweli kwamba tangu Julai 2021 wameruhusiwa kupata fedha kwa majina na picha zao, lakini viza ya mwanafunzi inabana sana kazi anazoweza kufanya mgeni, na wachezaji wa kigeni wengi wamekuwa wakiitazama neema hiyo dirishani.

Maana ya mpira huo mimi ninaiona katika usiku uleule unaoukumbuka kwa uchungu. Mwanamke asiyependa maneno mengi aliacha kupanga mchezo, akakushika mkono na kutembea nawe mbele ya ukumbi mzima mahali ambapo baba yako angetembea, na mama mwingine akashuka ngazi za jukwaa kupokea maua yasiyokuwa yake. Kocha wa klabu ya kulipwa hana wajibu huo. Kocha wa chuo hupokea watoto wa miaka 18 walio mbali na kwao, hukaa nao miaka minne, kisha huwaaga wote, wazuri na wabaya, na kuanza upya; hakuna kikosi anachoweza kukitunza. Kinachobaki mikononi mwake ni watu walioondoka. Dean Smith, aliyefundisha Chuo Kikuu cha North Carolina kwa miaka 36 na kumlea Michael Jordan hapo, alipofariki mwaka 2015 ilikutwa ameandika katika wosia wake kwamba kila mchezaji aliyeitumikia timu yake, na walikuwa wapatao 180, apelekewe hundi ya dola 200 akale chakula kizuri cha jioni kwa gharama ya kocha. Jordan alipangiwa dola 200. Aliyekaa mwisho wa benchi alipangiwa dola 200. Ninakiri kwamba hesabu za makocha hunichosha, ushindi mara ngapi na asilimia ngapi, lakini hundi hizo sijawahi kuzisahau.

Na kama medali bado zinakuuma, hapo jirani yako, jimbo la Kansas, alikuwapo zamani James Naismith, yuleyule aliyeubuni mchezo huu Desemba 1891 kule Springfield, jimbo la Massachusetts, ili wanafunzi wapate zoezi la ndani wakati wa baridi. Alikuwa kocha wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kansas, na katika makocha wote wa timu hiyo hadi leo ni yeye pekee aliyefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda: ushindi 55, vipigo 60.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Mwaka 1974 binti wa miaka 22 aliyeitwa Patricia Head, ambaye baadaye alijulikana kama Pat Summitt, alikwenda Chuo Kikuu cha Tennessee kwa nafasi ya namna hiyohiyo unayopewa wewe, asome shahada ya uzamili na kusaidia kufundisha timu ya wanawake. Mwaka huohuo, akiwa mwaka wake wa mwisho wa kucheza chuoni, naye alikuwa ameumia goti, kano kama yako. Kabla hajaanza, kocha aliyekuwapo akaondoka, na mtoto huyo akakabidhiwa timu nzima, yenye wachezaji waliokuwa karibu marika zake. Alilipwa dola 250 kwa mwezi. Jezi alizifua mwenyewe, nazo zilikuwa zimenunuliwa mwaka uliotangulia kwa fedha za kuuza donati, na gari la kubebea wachezaji aliliendesha mwenyewe. Mchezo wake wa kwanza alifungwa kwa pointi moja. Huku akiendelea kufundisha, alilirudisha goti, akawa mmoja wa manahodha wa timu ya Marekani iliyopata medali ya fedha katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Alipoacha kazi mwaka 2012, akiwa amekwisha kugunduliwa kuwa na ugonjwa wa Alzheimer, alikuwa ameshinda michezo 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8, na kila mchezaji aliyemaliza muda wake wote wa kucheza chini yake aliondoka na shahada.

Sikupi habari zake ili ujifananishe naye. Wa aina yake hawatokei kila mwaka. Ninakupa kwa sababu ya zile jezi. Kazi unayoitiwa huanza kwa kufua, kujaza chupa za maji, kukata video saa saba za usiku na kukaa kwenye basi saa sita kwenda kufungwa, na anayeikubali akidhani ataanza na ubao wa mbinu atakata tamaa kabla ya Krismasi. Ninakupa pia kwa sababu ya baba yake Summitt, mkulima mkali, mgumu wa kusifu, ambaye aliihamisha familia nzima kwenda eneo jirani kwa kuwa shule ya pale walipokuwa haikuwa na timu ya wasichana. Baba wa namna hiyo unamfahamu. Wako aliuza pikipiki.

Sasa lile swali la kupenda au kuogopa. Hapa itabidi nikueleze aibu yangu mwenyewe. Nilicheza mpira wa kikapu katika chuo cha ualimu, nikaacha nilipopata mimba ya kwanza, na nilipoajiriwa katika shule moja ya wasichana nikapewa timu. Tulikuwa na mpira mmoja uliokwisha vipele, ukilowa unateleza kama sabuni. Nilifundisha kwa ukali ambao watu wengi waliusifu. Msichana akikosa kuiona pasi niliyoiona mimi, nilimzungusha uwanja mara kumi. Mwaka wa pili, mmoja wao, mpole kuliko wote, alinifuata baada ya mazoezi akaniuliza: "Mwalimu, ulitaka niutupe kutoka pale nilipokuwa mimi, au kutoka pale ambapo ungekuwa wewe?" Hakusema kwa ujeuri, alitaka kujua kweli. Nilimtuma arudishe mpira stoo ili asiuone uso wangu. Miaka miwili nilikuwa nikicheza kwa miguu yao, na kila walipokosa niliwaadhibu kwa sababu mimi sikuwa uwanjani.

Ndiyo maana ninakuuliza jambo ambalo hakuna atakayelijua isipokuwa wewe. Katika mazoezi haya ya baada ya msimu, kaa pembeni kwa wiki mbili bila kugusa mpira, na uyachunguze macho yako. Yanamfuata mchezaji, au yanarudi kila mara mahali ambapo wewe ungesimama? Ukiona yanarudi kwako, hilo si kosa, ni msiba wa kawaida wa mchezaji aliyeacha, nao una muda wake. Lakini usiwafundishe watoto wa watu ukiwa bado umekaa matanga. Kwa jinsi ulivyomwona yule binti, nadhani macho yako yameshahama. Wenzako walitazama kiwiko kwa sababu kiwiko ndicho wanachofundishwa kukitazama. Wewe uliona pumzi. Tena ulipomwona akishinda uliruka kwa goti bovu, na mtu anayejililia mwenyewe haruki hivyo kwa mitupo ya mwingine.

Kwa maoni yangu, ubaki. Mjomba mshukuru vizuri na kwa haraka, asiwaweke wale watu wakisubiri bure. Ofisi za wahasibu hazitahama Dar es Salaam. Ila usikubali kwa kutikisa kichwa tu ofisini kwa kocha. Mwombe kwa heshima muandike yote mliyokubaliana: kama ada ya uzamili inalipwa kwa miaka yote miwili hata kama yeye atahama au kufukuzwa, kwa maana makocha hufukuzwa kirahisi, ni nani anayekugharimia miezi ya kiangazi wakati posho imesimama, bima ya afya itashughulikia goti likisumbua tena au la, na kama utapewa wachezaji wa kuwafundisha mwenyewe, walau wale wa mitupo huru, au utabaki na chupa za maji hadi mwisho. Uliza pia kama unaweza kuusomea uzamili huo uhasibu au fani iliyo karibu nao. Sisemi hivyo kwa kuudharau ukocha. Ni kazi yenye nafasi chache na mishahara midogo katika vyuo vidogo, na utakaporudi nyumbani ukiwa na umri wa miaka 25 utahitaji kitu cha kuwaonyesha watu wa NBAA, bodi ya wahasibu ya kwetu, ambao ile mitupo ya Januari haiwahusu.

Viza ichukulie kwa uzito zaidi ya yote hayo. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya msaidizi wa kocha haijui saa 20 wakati wa msimu. Mweleze kocha mapema, na saa zako uziandike mwenyewe kwenye lile daftari. Fomu yako ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha masomo yako, lazima ibadilishwe kuwa ya ngazi ya uzamili, nawe usisubiri hadi muda wa ile ya sasa uishe. Ukiamua kutosoma, kuna kibali cha mwaka mmoja cha kufanya kazi katika fani uliyosomea, lakini maombi yake yana tarehe, na hayapokelewi siku 60 zikishapita tangu kumaliza masomo. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni wiki hii, si Mei. Na usikate tiketi ya kuja kumwona baba kabla hujawauliza kama utaweza kurudi.

Imebaki video. Ile ya usiku wa wahitimu ilimwonyesha baba kitu kimoja tu, mwanawe akiwa benchi. Mtumie nyingine, lakini baada ya ile simu, si kabla. Mwombe yule binti wa mahindi na soya asimame mazoezini kwenye mstari wake, wewe simama karibu naye na simu, umrekodi akipiga mitupo mitatu au minne kama alivyozoea. Usiandike maelezo yoyote chini yake. Mwambie tu baba aongeze sauti.